Nilimpandisha chipukizi wangu siku moja mapema, mechi ya kwanza akatoka kapa (uzi wa besiboli ya kompyuta)

#1 Mleta uzi (Columbus, Ohio)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua humu wengi ni watu wa Simba, Yanga na Gor, mkisikia besiboli mnafunga simu. Leo nivumilieni. Nina kidonda na sina wa kumwonyesha. Mke wangu ameshasema nikimtajia tena shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, nitalala sebuleni.

Niko kwenye ligi ya mwigo. Si kama FPL, ile ya mpira wa Uingereza, ambako Haaland akifunga kweli Jumamosi nawe unavuna pointi. Huku hakuna mechi ya kweli hata moja. Tunatumia Out of the Park Baseball, programu aliyoianzisha Mjerumani Markus Heinsohn, toleo la kwanza likatoka 1999. Wachezaji wetu ni wa kubuni: kompyuta inawazaa, inawapa majina, umri, nguvu, macho, hadi tabia. Wenye timu tuko 24. Kila mtu anapakua faili la ligi, anapanga kikosi, anarudisha lake kabla ya saa ya mwisho, kisha kamishna anazungusha wiki nzima kwa mkupuo. Unaamka unakuta timu imeshacheza mechi sita na wewe ulikuwa unakoroma.

Mtaniuliza Mbongo kajifunzia wapi haya. Hapa Columbus kuna timu inaitwa Clippers, ipo Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, na ni tawi la Cleveland Guardians. Jamaa wa kazini alinipeleka siku ambayo soseji inauzwa senti kumi. Nilifuata soseji. Nikamkuta kijana mmoja anapiga mipira mpaka nikamshangilia jina. Nikarudi wiki iliyofuata kumwona, nikaambiwa hayupo, ameitwa juu Cleveland. Saa mbili na kitu kwa gari, na maisha yake yamegeuka. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Sasa nina dogo wangu. Umri 21, shotistopu, miaka mitatu namlea kwenye ligi ndogo kama yai. Wiki jana nimempandisha. Nimeharibu. Ngoja nitoke zamu nimalizie.

#2 Mdau (Mwanza)

Mkuu, besiboli mimi naijua kwa kofia tu, ile ya NY niliyookota mtumbani Mlango Mmoja. Ila uzi nimeupenda, nimeweka kigoda. Swali la mshamba: kama dogo ni mkali, kwa nini usimpandishe tangu siku ya kwanza ya ligi? Unamficha nini?

#3 Mleta uzi

Hapo ndipo penye kidonda, mkuu.

Ligi yetu inafuata kanuni za Ligi Kuu ya Marekani. Mchezaji anahesabiwa siku za utumishi. Siku 172 kwenye kikosi cha juu ni mwaka mmoja. Akitimiza miaka 6 anakuwa huru, anakwenda anakotaka na wewe unabaki na picha. Msimu wetu una siku 187 za kalenda. Sasa toa: ukimwacha chini siku 16 za mwanzo, anamaliza msimu na siku 171. Mwaka umemponyoka kwa siku moja. Maana yake unakaa naye karibu misimu 7 badala ya 6, kwa gharama ya wiki mbili na kidogo.

Si ujanja wangu. Chicago Cubs walifanya hivyo 2015 kwa Kris Bryant. Kijana alikuwa amewasha moto maandalizi yote, wakasema bado anahitaji kujinoa kwenye ulinzi, wakampandisha 17 Aprili. Akamaliza na siku 171 kamili, na tuzo ya chipukizi bora juu yake. Alilalamika kwa mwamuzi wa migogoro ya kazi, kesi ikaja kuamuliwa 2020, akashindwa.

Basi na mimi nikajifanya mjanja. Nikachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la Wasomali, nikaweka alama za kalamu nyekundu siku 16. Nilianzia Jumatano, siku ya kufunga vikosi. Ligi imeanza Alhamisi.

Siku yangu ya 16 ilikuwa ya 15 kwa kompyuta. 187 toa 15 ni ngapi, wakuu? 172. Mwaka kamili, bila hata siku moja ya ziada. Nimeuza msimu mzima wa mtu kwa kutojua kuhesabu vidole.

#4 Mdau (Nakuru)

Aki pole, lakini bana, sikuhurumii sana. Hiyo hesabu ni ya kumnyima kijana wa watu haki yake. Amefanya kazi, anastahili kuitwa, wewe unamweka chini na sababu za uongo eti ajinoe. Hapa kwetu tunajua mikataba ya kukatizwa mwezi mmoja kabla ya kuthibitishwa kazini. Ni kitu kimoja.

#5 Mleta uzi

Umenigonga pabaya, ndugu yangu, na sina jibu zuri. Mimi mwenyewe nilipoanza ghala ninalofanya kazi sasa, nilikaa "kibarua wa muda" kwa mtindo huohuo. Najitetea kwamba dogo ni namba ndani ya kompyuta, hana watoto. Lakini mtego ni uleule.

Wakubwa wenyewe wameuona. Mkataba wa 2022 kati ya wachezaji na timu umeweka kwamba chipukizi akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za chipukizi bora anapewa mwaka kamili hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Paul Skenes wa Pittsburgh aliitwa 11 Mei 2024, akachukua tuzo, akapewa mwaka wake. Ligi yetu bado ina kanuni ya zamani. Tulipiga kura tuibadilishe, na mimi nilipiga ya hapana. Nacheka mwenyewe hapa.

Haya, mechi yenyewe. Sikuiona, nimesoma logi saa nane usiku kwenye chumba cha mapumziko, simu imeegemea chupa ya maji, wali wangu unapoa. Hii logi ni maneno tu, mstari kwa mstari, na nadhani ndiyo maana inauma kuliko video.

Kipindi cha 2, mtu wetu yuko besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza. Dogo anakuja. Mpira wa kwanza kabisa wa maisha yake huko juu anaupiga chini, unamfuata mlinzi wa besi ya pili kama ameitwa. Wawili wametolewa kwa mpira mmoja.

Kipindi cha 4, straiki tatu, yaani amekosa mara tatu na ametolewa, ya mwisho anaitazama tu inapita.

Kipindi cha 5 yuko kwenye ulinzi, anaokota mpira rahisi, anautupa juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya kwanza. Wageni wanapata ranzi, yaani pointi. Kumbukeni hiyo ranzi.

Kipindi cha 7, straiki tatu, anafyeka hewa.

Kipindi cha 9, tumefungwa 3-2. Watu wetu wawili kwenye besi, wawili wameshatolewa. Nani anakuja? Nikaacha kijiko. Mstari ukaandika mipira mibaya mitatu, straiki mbili. Akagusa mmoja ukatoka nje ya mstari. Akagusa mwingine ukatoka nje. Akagusa wa tatu. Nikawa nimesimama. Msimamizi akachungulia mlangoni akaniuliza kama nyumbani ni salama.

Straiki. Mechi imekwisha.

0 kwa 4 (kasimama kupiga mara nne, hakufanikiwa hata moja), straiki tatu mara tatu, kosa moja. Alichofanya Bryant siku yake ya kwanza pale Wrigley, uwanja wa Cubs, ni 0 kwa 4 na straiki tatu mara tatu. Nimefuata kitabu neno kwa neno mpaka kwenye kapa. Siku 171 tu ndizo zimenishinda.

#6 Mdau (Mwanza)

Hahaha "kama ameitwa". Mkuu, mrudishe dogo chini haraka kabla hajaharibika kichwa.

#7 Mdau (Dodoma)

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, besiboli siijui, nimeombwa na mume wangu nije huku kwa sababu anabishana. Mleta uzi, kabla hujamrudisha mtu niambie: mpigaji wa kawaida anafanikiwa mara ngapi kati ya kumi?

#8 Mleta uzi

Karibu mwalimu. Wa kawaida kama .250, dogo maskauti wangu wanasema ni wa .260. Yaani mara 26 kati ya 100. Na kibaya zaidi: tangu siku ile kacheza mechi tisa, ana 3 kwa 31. Timu inazomewa. Hata kompyuta ina mashabiki wa kuzomea.

#9 Mdau (Dodoma)

Basi tuhesabu. Mtu wa .260 kukosa mara moja ni 0.74. Kukosa mara nne mfululizo ni 0.74 kwa kipeo cha nne, inakuja 0.30. Yaani siku tatu kati ya kumi mpigaji huyo anatoka 0 kwa 4, iwe mechi ya kwanza au ya mia. Mechi ya kwanza haijakwambia chochote. Wewe umesimama na kijiko kwa ajili ya sarafu.

3 kwa 31 ni habari nyingine kidogo. Mtu wa .260 kupata mara 3 au pungufu katika 31 ni kama 2 kati ya 100. Lakini usikimbie. Tuseme maskauti wako wamekosea na dogo ni wa .220: hata huyo angefika hapo mara 7 kati ya 100 tu. Kwa hiyo ama ana bahati mbaya sana, ama ana bahati mbaya na uwezo wake ni mdogo kuliko ulivyoambiwa. Ushahidi upo, ila ni mwembamba. Mume wangu anasema asante.

#10 Mleta uzi

Mwalimu, hapo umenipa kitu cha kutafuna. Kwenye hii programu namba ninayoiona si uwezo halisi wa mchezaji, ni maoni ya skauti wangu, na skauti anakosea. Nikiwa na skauti wa bei rahisi anakosea zaidi. Na wangu ni wa bei rahisi.

Jana nilikuwa nasoma ya wenzake nijifariji. Jackson Holliday, chaguo la kwanza kabisa la 2022, aliitwa na Baltimore Aprili 2024: 2 kwa 34, straiki tatu mara 18. Hakumaliza mwezi, akarudishwa. 31 Julai akaitwa tena, siku hiyohiyo akapiga homurani (mpira ukatoka nje ya uwanja) besi zote zimejaa. Willie Mays aliitwa Mei 1951 akitoka Minneapolis, ambako alikuwa anapiga .477, kitu cha kichaa. Akaanza na 0 kwa 12. Hiti yake ya kwanza, yaani pigo lililofanikiwa, ilikuwa homurani dhidi ya mrushaji Warren Spahn, kisha akakauka tena. Inasimuliwa alilia, akamwomba meneja Leo Durocher amrudishe chini, Durocher akakataa. Huyo Mays mwisho wa mwaka alikuwa chipukizi bora.

Yupo mmoja wa upande wa pili ambaye namtaja kila nikiona mtu anafurahia mechi ya kwanza. John Paciorek, Houston, 29 Septemba 1963, umri 18. Alipiga 3 kwa 3, akapewa besi bure mara mbili, akakimbia mwenyewe ranzi nne. Mgongo ukamkataa. Hakucheza tena Ligi Kuu, hata mechi moja. Wastani wake wa maisha ni 1.000.

#11 Mdau (Toronto)

Wanangu, nimesoma kimya, nimeshindwa kujizuia. Mimi ni mtu wa Forodhani, niko huku tangu kina baba zenu hawajaoa. Nyinyi mna kompyuta, sisi tulicheza kwa kadi na dadu. Strat-O-Matic, ya Hal Richman, ipo tangu 1961. Unatupa dadu tatu. Moja inakwambia usome kadi ya nani, 1 mpaka 3 ya mpigaji, 4 mpaka 6 ya mrushaji. Mbili unajumlisha, unasoma mstari.

Kadi hutengenezwa kwa alichofanya mtu msimu uliopita. Sasa sikilizeni balaa la chipukizi. Msimu wa 1998 Yankees walikuwa na kijana Shane Spencer. Alisimama kupiga mara 67 rasmi tu, akapiga homurani 10 na wastani .373. Kadi yake ikawa sumu. Tulikuwa na bwana mmoja akimweka kila mechi, mechi zote za msimu, kana kwamba yule kijana alipiga vile mwaka mzima. Tukagombana mpaka chai ikamwagika juu ya kadi. Ndipo tukaweka sheria: mtu hapigi kwako mara nyingi kuliko alizopiga kweli. Ikifika 67, kadi inalala kwenye boksi.

Kwa hiyo mwanangu wa Columbus, hesabu zako za siku zisikutie aibu. Kila ligi ya mwigo ina mtu mmoja aliyeumizwa na chipukizi, ndipo sheria inapoandikwa.

#12 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Hiyo ya chai nimeipenda mno.

Sasa wakuu nina jambo la kuungama, na huyu wa Nakuru ajiandae. Jana usiku nimegundua mlango wa nyuma. Mchezaji ana opsheni, ruhusa ya kumrudisha ligi ndogo bila timu nyingine kumnyakua, misimu mitatu. Akikaa chini siku 20 au zaidi ndani ya msimu, siku hizo hazihesabiwi kwenye utumishi. Pungufu ya 20, zote zinahesabiwa kana kwamba hakushuka.

Mmeelewa? Nikimrudisha dogo siku 20, anamaliza msimu na 152. Mwaka wangu unarudi. Na nina sababu nzuri ya kuwaambia watu: 3 kwa 31.

Tatizo ni kwamba sijui tena namrudisha kwa lipi.

#13 Mdau (Nakuru)

Unajua vizuri sana.

#14 Mdau (Kampala)

Nami niongeze. Ninyi mnahesabu siku, kuna mtu alihesabu miaka. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli pale Randburg, wakaishi chumba kilichomo klabuni, mtoto akakulia uwanjani. Pittsburgh wakamsaini 2008. Ligi ndogo, ligi ndogo, ligi ndogo, mpaka 26 Aprili 2017 akaingizwa mechi dhidi ya Cubs, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza Ligi Kuu. Mrushaji alikuwa Jon Lester. Mara ya kwanza kusimama akapiga hiti katikati. Msimu ule alicheza mechi 28 tu, akapiga .222. Nani anakumbuka .222? Mimi nakumbuka ile hiti, nililia.

Na kwetu Uganda msitudharau. Watoto wa Lugazi walifika fainali za dunia za watoto kule Williamsport 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. 2022 Dodgers wakasaini vijana wetu wawili. Tunangoja siku yao. Ikija hata wakipiga 0 kwa 4 tutachinja ng'ombe.

#15 Mdau (Mwanza)

Hii sasa imekuwa shule. Mleta uzi, umeamua nini? Usitupotee kama wale wa "itaendelea".

#16 Mleta uzi

Nipo, mkuu. Nimetoka zamu sasa hivi, viatu bado viko mguuni.

Nilimrudisha. Niseme ukweli, nililala na ile hesabu ya 152 kichwani, nikaituma faili saa ya mwisho kabisa, nikaandika kwenye gumzo la ligi "anakwenda kurekebisha mkono". Mwenzetu mmoja akanijibu kwa emoji ya kalenda.

Nafasi yake nikamweka mzee wangu wa miaka 34, glavu ina tundu lakini anapiga kidogo. Kamishna akazungusha wiki. Naamka: siku ya sita, mzee kateleza akikimbilia besi ya pili, kavunjika kidole, nje wiki tano. Sina shotistopu mwingine. Wa Triple-A aliyebaki ni mlinzi wa besi ya tatu ambaye mguu wake ni wa mbao.

Kanuni inasema mpigaji aliyerudishwa akae chini siku 10 angalau, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Pengo ndilo hili. Nimemwita dogo baada ya siku sita. Sita ni pungufu ya 20, zinahesabiwa zote. 172 imerudi palepale.

Najua naweza kumshusha tena baadaye, siku hujumlishwa, nikitafuta 14 nyingine nitazipata. Nimeitazama ile kalenda ya Wasomali, nikaitoa ukutani. Huyo atabaki.

Mechi yake ya kurudi imo kwenye wiki hiyohiyo, kamishna alinizungushia siku ya mwisho peke yake baada ya kuniruhusu nimwite. 1 kwa 3. Hiti yenyewe mpira dhaifu uliokufa kwenye majani mbele ya besi ya tatu, kama mtu kadondosha embe. Akapewa besi bure mara moja. Kipindi cha 8 akaokota mpira uleule wa aina ya ule alioutupa juu ya kichwa, akautupa sawasawa.

Tumefungwa 6-1.

#17 Mdau (Dodoma)

4 kwa 34. Mume wangu anauliza wiki ijayo inazungushwa lini.

#18 Mleta uzi

Jumanne, mwalimu. Nimempanga apige wa saba.